Rula iko wapi? Shahidi mtaalamu katika kesi za kusaidia makundi yenye silaha ng'ambo

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa benchi la nyuma katika mahakama moja ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, nikisubiri shauri la ndugu yangu liitwe. Kabla yetu kulikuwa na kesi ya uvuvi haramu. Wavu ulikuwa umerundikwa sakafuni kama kielelezo, bado unanuka ziwa, na Afisa Uvuvi alikuwa akieleza kwamba macho yake ni madogo kuliko yanayoruhusiwa. Wakili wa utetezi hakumbishia. Aliomba rula. Karani akapekua droo, ikapatikana ya plastiki, ya mtoto wa shule, hakimu akaridhia, na wavu ukapimwa palepale, jicho baada ya jicho, nyuzi zikivutwa kwa vidole vya watu wawili. Macho yalikuwa madogo kweli, mvuvi akatiwa hatiani. Lakini hakuna aliyetoka mle ndani akiwa amemwamini Afisa Uvuvi kwa ajili ya cheo chake. Tuliona wenyewe.

Rula ile hunijia kichwani kila ninaposoma kesi za aina nyingine kabisa: za watu wanaoshtakiwa kwamba, wakiwa kwao kwa amani, wamelipelekea kundi lenye silaha la nchi ya mbali fedha, vifaa au huduma. Kesi hizi zina tatizo ambalo wavu hauna. Kitu kilichotumwa hakina kosa usoni. Dola 500 ni dola 500, fulana ni fulana, betri ya sola ni betri ya sola. Kosa limo mwisho wa safari, kwa aliyekipokea, naye yuko msituni au jangwani, ng'ambo ya mipaka miwili mitatu, haitiki wito wa mahakama yoyote. Basi anaitwa mtu mwingine, msomi au mpelelezi au mchambuzi, aje kueleza kitu kile kiliishia mikononi mwa nani. Huyo ndiye shahidi mtaalamu, na mara nyingi kesi nzima inaning'inia kwake.

Tusiende mbali. Pale Mwaloni, soko la dagaa la Kirumba jijini Mwanza, magunia ya dagaa hupakiwa kwenye malori ya kwenda Burundi, Rwanda na Kongo. Gunia linaandikwa herufi mbili tatu za mwenye mzigo, dalali anapiga simu, hela inaingia kwenye simu, lori linaondoka. Aliyeuza hajui gunia litafunguliwa Goma au Butembo, na hana haja ya kujua. Tuseme sasa, na ni mfano tu, mwaka mmoja baadaye anaambiwa kwamba yale magunia 40, pamoja na jozi 200 za gambuti alizomtafutia mteja wake, yaliwafikia waasi. Nani atalithibitisha hilo? Dereva alishusha Rusumo mzigo ukahamia gari lingine. Mteja hapatikani hewani. Gambuti huvaliwa na kila mtu mashariki ya Kongo, mkulima na mpiganaji, maana tope halichagui. Hapo lazima atafutwe mtu wa kusema: nalijua kundi hili, najua linavyonunua, najua herufi zile ni za nani. Nusu ya kesi ya upande wa mashtaka itakuwa imetoka kinywani mwa mtu ambaye hakumwona muuzaji, hakuliona lori, na huenda hajawahi kufika Kirumba.

Watu wa Mwanza tuko karibu na kesi hizi kuliko tunavyodhani. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba na Kemondo kuja Mwanza, walikufa mamia. Idadi inayotajwa zaidi ni 894, na wengi wao wamelala makaburi ya Igoma. Miongoni mwa abiria alikuwamo Mmisri aliyejulikana kama Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda. Wakati huo jina hilo halikuwa na maana yoyote kwa mtu wa Kirumba wala wa Igoma. Wenzake waliokuwa Nairobi, akiwamo Wadih el-Hage, Mmarekani mzaliwa wa Lebanon, walikuja ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa. Miaka miwili baadaye, tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi zikalipuliwa. Na mwaka 2001, ndani ya mahakama moja ya New York, raia 12 walioketi kama jopo la kuamua kesi walijikuta wakisikiliza habari za meli yetu. Shemeji wa yule Mmisri, aliyekuwa naye safarini akaokoka, alisimama kutoa ushahidi. El-Hage alitiwa hatiani kwa kula njama, na pia kwa kusema uongo chini ya kiapo, akafungwa maisha.

Angalia waliolieleza jopo lile habari. Shemeji alikuwamo melini. Na shahidi wa kwanza wa mashtaka, Jamal al-Fadl, Msudani, alikuwa mtu wa ndani ya al-Qaeda aliyekimbia baada ya kuchota takriban dola 110,000 za kundi. Yeye ndiye aliyelichorea jopo ramani: nani juu, nani chini, kampuni zipi Khartoum, mishahara ilitoka wapi. Mtu wa namna hiyo ana dhambi zake, na mawakili wa utetezi walikuwa na pa kumshika: mwizi wewe, serikali inakutunza wewe. Lakini alipoulizwa amejuaje, alikuwa na jibu fupi. Alikuwepo.

Baada ya 2001 kesi ziliongezeka sana, na watu wa ndani wa kupanda kizimbani hawakuongezeka kwa kasi ile. Waliopelekwa mahakamani sasa hawakuwa walipuaji wa mabomu. Wengi walikuwa watumaji: dereva wa teksi, mwenye duka, viongozi wa taasisi ya sadaka. Pengo lililoachwa na akina al-Fadl likajazwa na wataalamu.

Sheria ya Marekani ndiyo iliyozaa kesi nyingi zaidi, na inafaa kuielewa kwa sababu mfano wake umeigwa kwingi. Tangu 1996 ni jinai kulipatia msaada kundi la kigeni lililotangazwa na serikali yao kuwa la kigaidi. Kifungo kwa sasa kinafika miaka 20, na huzidi hapo msaada uliposababisha kifo. Msaada maana yake ni karibu kila kitu: fedha, malazi, mafunzo, usafiri, vyombo vya mawasiliano, hata ushauri wa kitaalamu. Vilivyoachwa nje kwa kutajwa ni dawa na vitu vya dini. Chakula hakikuachwa, kwa hiyo dagaa wamo. Upande wa mashtaka hauhitaji kuonyesha kwamba msaada ule ulinunua risasi. Inatosha ukithibitisha kwamba mtoaji alijua ni kundi gani analisaidia. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ilisema hata kuwafundisha waasi wa PKK wa Uturuki au wa Tamil Tigers wa Sri Lanka namna ya kudai haki kwa njia za amani ni kosa. Hoja ilikuwa kwamba msaada wowote unalipunguzia kundi mzigo, fedha na watu wake wakabaki kwa ajili ya vita. Ukimlipia mtu ada ya mtoto, umemwachia hela ya pombe. Ndivyo majaji walivyoiona, ingawa hawakuisema hivyo.

Kama sheria ni pana kiasi hicho, mtaalamu wa nini tena? Wa mambo mawili halali, na la tatu ambalo si halali lakini hujipenyeza.

La kwanza ni kumtambulisha mpokeaji. Kundi lililo kwenye orodha halifungui akaunti kwa jina lake. Kesi kubwa hapa ni ya Holy Land Foundation, taasisi ya sadaka ya Waislamu iliyokuwa Texas. Fedha zake zilikwenda kwa kamati za zaka za Wapalestina, kamati ambazo zenyewe hazikuwa kwenye orodha. Mashtaka yakasema kamati hizo ni mkono wa Hamas. Hilo halionekani kwenye risiti ya benki. Linahitaji mtu wa kusema nani anaketi kwenye kamati, nani ndugu wa nani, picha ya nani imetundikwa ukutani. Serikali ilimleta, pamoja na wengine, ofisa wa usalama wa Israel aliyetoa ushahidi kama mtaalamu kwa jina la bandia tu, Avi. Mawakili wa utetezi hawakuambiwa jina lake halisi. Fikiria hapo unamdodosaje. Huwezi kutafuta alisoma wapi, aliandika nini huko nyuma, aliwahi kukosea wapi. Jopo la 2007 lilishindwa kuafikiana katika mashtaka mengi. La 2008 likawatia hatiani watu watano, na waliopata vifungo virefu zaidi walipewa miaka 65. Mahakama ya rufaa, mwaka 2011, ilikubali Avi kufichwa jina. Ikakiri kwamba ushahidi fulani mwingine haukustahili kupokelewa, lakini ikasema dosari hizo hazikubadili matokeo. Mimi naona kumficha mtaalamu ni tofauti na kumficha shahidi wa macho. Shahidi wa macho ukimficha jina, bado unaweza kumuuliza alisimama wapi na kulikuwa na mwanga kiasi gani. Mtaalamu anasimama juu ya rekodi yake, na rekodi ndiyo iliyofichwa.

La pili ni kufasiri maneno. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo sisi wa Kiswahili tungeumia kwanza.

San Diego, California, Wasomali wanne, mmoja wao dereva wa teksi, walitiwa hatiani mwaka 2013 kwa njama ya kutuma dola 10,900 kwa al-Shabaab. Ushahidi mkuu ulikuwa simu zilizonaswa, kwa Kisomali, zenye majina ya utani na mafumbo ya watu waliozoeana. Mashtaka yalisema mmoja wa waliokuwa wakizungumza upande wa Somalia ni kamanda Aden Hashi Ayro, aliyeuawa kwa kombora la Marekani Mei 2008. Utetezi ulisema fedha zilikuwa za mahitaji ya watu wa kwao, na mtu yule si Ayro. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ilisema ule mpango wa serikali wa kukusanya rekodi za simu za watu wote ulivunja sheria, lakini hatia ikabaki palepale.

Sasa ihamishie kesi ile kwetu. Mtu ananaswa akisema kwenye simu: "Mzigo umefika, vijana wameshukuru, wanasema ongeza kidogo." Mzigo wa nini? Mwanza neno hilo linabeba gunia, hela, nyavu, hata mambo yasiyosemwa mbele ya watoto. Vijana ni akina nani? Wapakiaji wa mwaloni ni vijana. Timu ya mtaa ni vijana. Lakini al-Shabaab kwa Kiarabu maana yake ni vijana, na mchambuzi aliyekaa Ulaya na tafsiri ya kurasa 300 mezani anaweza kuliona neno hilo likiwaka kama taa. Huenda yuko sahihi. Huenda kweli ni wao. Ila mkalimani aliyeandika tafsiri ile amekwisha kufanya nusu ya kazi ya mtaalamu bila kuapishwa, kwa kuchagua kama vijana waandikwe kwa herufi kubwa au ndogo.

La tatu, lile lisilo halali, ni moyo wa mshtakiwa. Kanuni za ushahidi za Marekani zinamkataza mtaalamu katika kesi ya jinai kusema kwamba mshtakiwa alikuwa, au hakuwa, na nia inayofanya kitendo kiwe kosa. Hilo linaachiwa jopo. Lakini mwaka 2024 Mahakama ya Juu yao ilipokea njia ya kuzunguka ukuta. Mwanamke alivuka mpaka akitokea Meksiko na dawa za kulevya zenye thamani ya zaidi ya dola 368,000 zikiwa zimefichwa ndani ya milango ya gari, akasema hakujua. Ofisa akatoa ushahidi wa kitaalamu kwamba wasafirishaji wengi wanajua wanachobeba. Majaji sita wakasema ni sawa, kwa kuwa amesema "wengi" na si "huyu". Watatu wakapinga. Sikio la kawaida haliioni tofauti hiyo. Ukiniambia wauza dagaa wengi wa njia hii wanajua mteja wao ni nani, na mimi ndiye muuza dagaa pekee niliyeketi mbele ya hakimu, umeshanisema.

Kuna jaribio la kuweka rula. Mwaka 1993, katika kesi ya Daubert, iliyohusu dawa ya kichefuchefu cha wajawazito (si waasi wala magaidi), Mahakama ya Juu ya Marekani iliwageuza majaji kuwa mabawabu: kabla mtaalamu hajaingia, jaji aulize kama njia anayotumia inaweza kupimwa, kama wataalamu wenzake wameipitia, inakosea mara ngapi, na inakubalika kiasi gani. Kwa daktari na mkemia maswali hayo yanajibika. Kwa mtu anayesoma mitandao ya wapiganaji na ripoti za magazeti kisha akatoa hitimisho, yanabaki hewani. Kiwango chake cha kukosea ni kipi? Nani alimhakiki? Baadhi ya walioitwa mara nyingi na serikali walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wasomi wa sheria au siasa waliojifunza makundi hayo kwenye kompyuta. Mahakama kwa kawaida ziliwapokea, zikisema uzoefu pia ni elimu. Kweli, mvuvi mzee asiye na cheti anaijua Ukerewe na maji yake kuliko profesa. Lakini mvuvi mzee unaweza kwenda naye ziwani kesho asubuhi ukamjaribu.

Onyo zuri zaidi nililolisoma halikutoka kwenye kesi ya ugaidi bali ya genge la MS-13, New York, mwaka 2008. Polisi aliitwa kama mtaalamu wa genge, akaeleza muundo, biashara, hata idadi ya mauaji. Alipobanwa, ikaonekana mengi aliyasikia kwa waliokamatwa na kwa wapelelezi wenzake. Mahakama ya rufaa ikatengua hatia. Mtaalamu anaruhusiwa kutumia habari alizosikia, zikachujwa na elimu yake zikawa maoni. Haruhusiwi kuwa bomba, huku yanaingia maneno ya mtaani, huku yanatoka kama ushahidi.

Ulaya mambo ni tofauti kidogo. Denmark walikuwa na kesi ya fulana: kikundi cha vijana kiliuza fulana zenye nembo za FARC ya Kolombia na PFLP ya Palestina, euro tano za kila moja zikiwa zimekusudiwa makundi hayo. Walijitangaza wazi, hivyo hakukuwa na cha kufumbua. Swali likawa moja tu: makundi haya ni ya kigaidi au ni ya ukombozi? Mahakama ya kwanza iliwaachia mwaka 2007, iliyofuata ikawatia hatiani 2008, na ya juu kabisa ikakubaliana nayo 2009. Fulana ni zilezile muda wote. Uingereza nako wazazi wawili walitiwa hatiani 2019 kwa kumtumia mtoto wao aliyekuwa Syria pauni 223. Huko sheria haidai hata kwamba ulijua, inatosha kuwa ulikuwa na sababu ya kushuku. Kadiri sheria inavyodai kidogo, ndivyo mtaalamu anavyopungua kazi.

Kesi ya Ulaya iliyo karibu zaidi na ziwa letu ilisikilizwa Stuttgart, Ujerumani. Viongozi wawili wa FDLR, waasi wa Kihutu walioko mashariki ya Kongo, waliishi Ujerumani kwa miaka wakilielekeza kundi kwa simu. Walikamatwa Novemba 2009, mwezi uleule ambao ripoti ya Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo iliuanika mtandao wa wafuasi wa FDLR walioko nje, kwa kufuatilia rekodi za simu za setilaiti. Kesi ilianza Mei 2011, ikaenda siku 320 za kusikilizwa. Majaji wa Kijerumani walisomewa mazungumzo ya Kinyarwanda yaliyonaswa, wakaelezwa vijiji ambavyo hawangeviona maishani, wakajaribu kupima nani hasa alikuwa na sauti: rais wa kundi aliyeko Mannheim au kamanda aliyeko Kivu. Mashtaka kadhaa yalipukutika njiani. Septemba 2015 mmoja alipata miaka 13, mwenzake miaka minane. Desemba 2018 mahakama ya juu ikatengua sehemu ya hukumu ya yule wa miaka 13, ile ya kusaidia uhalifu wa kivita, isikilizwe upya. Mwenyewe alifariki Aprili 2019, kabla ya kusikilizwa tena.

Ninachokipenda katika kesi ile, pamoja na uchovu wake wote, ni kwamba simu zilikuwa na pande mbili. Hakuhitajika mtu wa kubuni mwisho wa safari. Sauti za mwisho wa safari zilisikika. Wataalamu walikuja kueleza kilichokwisha kushikwa, badala ya kuwa wao ndio daraja.

Na kwetu? Tanzania tuna Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, inayogusa pia ufadhili. Mtaalamu anaingia kwa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kifungu ambacho mawakili wengi wanakijua kama cha 47: pale mahakama inapotaka kufikia maoni kuhusu sheria ya kigeni, sayansi au sanaa, mwandiko au alama za vidole, maoni ya mwenye ujuzi maalumu yanapokelewa. Jaribu kulitosa kundi la waasi ndani ya maneno hayo. Si mwandiko, si alama za vidole. Ni sayansi? Ni sanaa? Wanasheria wanaweza kubishana hapo mpaka jua lizame nyuma ya Kamanga. Lililo wazi ni kwamba hatuna jopo la raia 12; anayeamua ni hakimu au jaji, naye hafungwi na maoni ya mtaalamu, anaweza kuyakataa akieleza sababu. Hiyo ni kinga kubwa kuliko watu wanavyodhani. Jaji anaandika hukumu, na hukumu inasomwa na walio juu yake.

Katika kesi za ukanda huu mtaalamu anayeonekana zaidi si mchambuzi wa makundi bali mtu wa simu. Baada ya mabomu ya Kampala ya 11 Julai 2010, fulana ya mabomu ambayo haikulipuka, pamoja na simu, vilipatikana kwenye klabu moja ya Makindye, na uzi huo ukawafikisha wapelelezi kwa washtakiwa. Hukumu ilitolewa Mei 2016. Nairobi, watu wawili walitiwa hatiani Oktoba 2020 kwa kuwasaidia walioshambulia jengo la maduka la Westgate, na mawasiliano ya simu yalikuwa nguzo ya kesi. Hapa kwetu, Julai 2021, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, Freeman Mbowe, alikamatwa hapahapa Mwanza, akashtakiwa na wenzake watatu kwa makosa ya ugaidi, ufadhili ukiwamo. Halikutajwa kundi la ng'ambo, lakini ushahidi ulifuata njia ileile: watu wa kampuni za simu walikuja kueleza usajili wa namba na miamala ya fedha. Mkurugenzi wa Mashtaka aliifuta kesi tarehe 4 Machi 2022. Yeyote aliyeifuatilia atakumbuka muda uliokwenda kwenye mabishano ya kipi kipokelewe na kipi kisipokelewe.

Mtu wa simu ana rula. Muamala una saa, una namba, una kiasi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inasema rekodi ya namna hiyo ipimwe vipi kabla ya kuaminiwa. Lakini rula yake inaishia mahali. Anaweza kusema hela ilitoka namba hii ikaenda namba ile. Aliyekuwa ameishika simu, na hela ilikuwa ya nini, si vya kwake kusema.

Nimewahi kumuuliza wakili mmoja rafiki yangu, mtu wa kesi za kawaida za ardhi na mirathi, angemuuliza nini mtaalamu wa makundi akiletwa mbele yake. Alifikiri kidogo, akanywa chai, akasema angeanza na lugha: watu wa kundi hilo unawaelewa bila mkalimani? Halafu angetaka majina ya vyanzo, au angalau aina ya vyanzo, ajue ni nani aliyeona. "Na la mwisho," akasema, "ningemuuliza kama katika fedha zote zilizowahi kutumwa eneo lile kuna hata shilingi moja ambayo yeye, kwa njia yake, angesema haikuwafikia waasi." Niliuliza kwa nini hilo. "Kwa sababu kama kila wavu unaopimwa na rula yake ni haramu, kaka, tatizo si wavu."

Shangazi yangu anauza dagaa Mwaloni. Jioni moja nilimweleza haya yote, pengine kwa kirefu kuliko alivyohitaji, nikamshauri aandike wateja wa mbali kwenye daftari. Akalitoa. Tayari analo, la mistari, lenye kava la kijani: jina, namba ya simu, magunia, namba ya gari. Nikamwambia hapo vizuri. Akalitazama daftari, akanitazama mimi.

"Sasa baba," akasema, "na atakayewala nimwandike safu gani?"